Kikohozi Chini ya Kiwanja Changu

Mimi ni mtu niliyejijenga kwa mikono yangu. Shule niliacha darasa la tatu, nikauza ndizi nikizibeba kichwani, nikanunua baiskeli, halafu pikapu, na mwanzoni mwa miaka hii ya sabini nikapata kiwanja katikati ya mji wa Kisii, ambacho waliosoma walikitamani wakashindwa. Nikatangaza sokoni kwamba nitasimamisha ghorofa. Nawaandikia ninyi wa nyumbani kwa sababu habari ya safari yangu mmeisikia mitaani, na ya mitaani imechanganywa na uongo.

Kila mtoto wa Kisii amesikia juu ya njia zilizo chini ya mji. Wanasema moja inaanzia kilima cha Nyanchwa, inapita chini ya soko mpaka mtoni. Ati mbuzi aliingia juu akatokea chini, manyoya yamejaa majivu. Mimi nilicheka hayo. Kisha Ijumaa moja, jua likiinama na vibarua wangu Wasabato wakijiandaa kwenda kuoga, sululu ya Ondieki, msimamizi wangu, ikazama mpaka mpini. Upepo baridi ukatoka ardhini. Halafu mtu akakohoa humo chini.

Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kile cha mzee anayekaribia mlango, kuwajulisha walio ndani.

"Mkubwa, mimi sirudi huko," Ondieki aliniambia akiwa ameshapanda ngazi.

"Ni hewa tu hiyo."

"Basi shuka wewe, uiambie hewa ikuchimbie msingi."

Sikushuka. Nilisema viatu vyangu ni vipya.

Jumapili asubuhi hakuna kibarua aliyekubali kushika jembe. Mvua za masika zilikuwa karibu. Zingelikuta shimo wazi, lingeporomoka pamoja na ukuta wa duka la jirani, na ghorofa yangu ingekuwa kichekesho cha mji. Ondieki alisema kuna bibi mmoja huko Birongo, jina lake Kwamboka, wa mwisho aliye hai katika watu waliojificha chini ya hapo, zamani askari wa Mzungu walipokuja kuchoma nyumba. "Yeye atajua ni nani," alisema. Nikawasha pikapu.

Kiogoro nilisimama kwa mwanangu wa kwanza kuchukua tochi. Alikuwa ameoa juzi juzi tu. Niliingia moja kwa moja kama kawaida yangu. Mke wake akachomoka mlango wa nyuma, unga bado mikononi.

"Baba, si ungekohoa kidogo?" mwanangu aliniuliza akitazama chini.

"Nyumba hii nimeijenga mimi. Nikohoe kwa nini?"

Kwetu Gusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hakai karibu na mke wa mwanawe. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Mimi niliiona ni mambo ya watu wasio na mabati. Niliporudi kwenye pikapu, Ondieki alikuwa amefunika uso kwa kofia, aibu imemshika kwa niaba yangu.

Birongo tulimkuta mtoto wa Kwamboka, mtu mzima mwenye mvi, akigeuza maua ya pareto juani. Kabla sijataja shida yangu aliuliza, "Mmekuja kwa sababu ya kikohozi?"

Nywele zilinisimama. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Mama hukisikia usingizini tangu mimi sijazaliwa. Hufungua mdomo ajibu, sauti haitoki. Nendeni Nyamira, yuko kwa dada yangu."

Nyamira tulifika alasiri, ukungu umelalia majani ya chai mpaka nikawasha taa za gari. Binti yake alituandalia ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Kwamboka alikaa karibu na moto, mdogo kama mtoto. Nilianza kumweleza habari za ghorofa yangu, akanikata.

"Alikohoa mara ngapi?"

"Mara moja, bibi. Halafu kimya."

"Kimya cha mtu anayengoja?"

Ondieki aliitikia, akimwita nyanya kwa Kigusii, "Ndiyo, magokoro. Cha mtu anayengoja."

"Ni baba wa mume wangu," bibi alisema. Akatusimulia polepole. Alikuwa bibi harusi mpya. Wake wa wana waliingia shimoni kwanza wakalala karibu na mlango wa shimo. Baba mkwe hakuweza kulala pamoja nao, kwa hiyo alijichimbia chumba chake ndani zaidi. Lakini kutoka kule ilikuwa lazima apite kati ya wanawake. Moshi wa nyumba zilizochomwa ulipoingia, alikohoa ili wampishe njia.

"Askari walikuwa juu yetu. Mama mkwe alinifunika mdomo. Usiku tulitambaa tukatoka, tukadhani atafuata. Hakufuata. Hangepita bila kujibiwa."

"Hata kama anakufa?" niliuliza.

Alinigeukia. "Wewe una mwana aliyeoa?"

"Ninaye."

"Basi usingeniuliza."

Jumatatu tulirudi naye. Kilima cha Nyanchwa kilipoonekana, akafunga kitambaa chake cha kichwani upya. Kiwanjani aliomba wanawake wote wauza uji waondoke. Kisha akaligeuzia shimo kisogo, akainamisha kichwa.

"Baba, nimekusikia," alisema kwa Kigusii, sauti nyembamba lakini nzima. "Natoka njiani. Pita."

Akaondoka na fimbo yake bila kugeuka. Vibarua wakageuka wote, wakatazama barabara. Mimi simpi mtu mgongo mjini hapa, lakini nami niligeuka. Upepo baridi ukapita katikati yetu, wenye harufu ya moshi wa zamani na ugoro. Mbwa wa jirani alisimama akaupisha.

Ondieki ndiye aliyeshuka kwanza. Katika chumba cha ndani alikuta kigoda cha miguu mitatu kimesogezwa hadi ukuta wa mwisho, kama aliyekikalia hakutaka kuwaona wanawake. Hapakuwa na mfupa hata mmoja. Tukajaza mawe, mvua ikatukuta tumeshamwaga zege.

Ghorofa yangu imesimama, njooni mwione. Bibi Kwamboka, mtoto wake anasema, sasa analala mpaka kunakucha.

Jioni ya Jumatatu ile nilipitia Kiogoro kurudisha tochi. Nilisimama nje, mbali na mlango. Nikakohoa, nikangoja. Ndani sufuria zikanyamaza. Nikaendelea kungoja, mimi mwenye nyumba, giza likinikaribia, na kwa mara ya kwanza nikajua urefu wa kungoja huko.

"Tumekusikia, baba," mke wa mwanangu alijibu.