Therefore Iliyokuja Matangani

Mdogo wangu alifia Campbelltown, huku ugenini, kwa hiyo matanga yakawa kwangu. Hilo halikuhitaji maelezo. Kwetu mfiwa halali peke yake mpaka marehemu azikwe, na huku mazishi huchelewa. Wamama wakaja na mablanketi, wakatandika magodoro sebuleni. Majina yao yote ninayo kichwani, hata la yule aliyeleta sufuria ya sombe, majani ya muhogo, bila kuombwa.

Asubuhi moja akaja kijana wa ofisi inayotupangisha nyumba. Hakuvua viatu. Akatazama magodoro, akaongea na mjukuu wangu kana kwamba mimi ni kabati. Mjukuu akanifasiria:

"Bibi, jirani amelalamika. Huyu anasema nyumba hii ni ya watu wawili, therefore hawa wasilale hapa tena."

Hilo neno nalijua. Shule niliiacha darasa la pili, lakini hilo nalijua. Kwenye kambi ya wakimbizi waliniuliza karatasi ya kifo cha mume wangu, kana kwamba waliomuua walitembea na mhuri. Sina, therefore nikarudishwa nyuma ya foleni, miaka. Siku zote linatoka kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, na likishatoka hakuna anayekuuliza kitu. Mjukuu wangu anasema ni "kwa hiyo" yetu tu. Si kweli. Kwetu mtu akisema "kwa hiyo" hunyamaza kidogo, anakungoja uitikie. Usipoitikia, maneno hayajaisha.

"Mwambie sijaitikia."

"Bibi, please."

"Mwambie mdogo wangu amekufa, therefore wamekuja. Aanzie hapo."

Akamwambia. Kijana akasema sorry, akarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayesema na kiziwi, akaenda zake.

Wamama wakaanza kukunja mablanketi. Kama ningelala bila wao usiku ule, mdogo wangu angekuwa amekufa kama mtu asiye na watu.

Yule wa sombe akamgeukia mjukuu wangu. "Amesema tusifanye nini?"

"Msilale."

"Basi hatulali. Weka chai, mama."

Tulikaa, tukaimba chini chini mpaka kukacha, na usiku uliofuata vilevile, hadi siku ya kuzika. Kijana alirudi kuhakikisha, akatukuta kwenye viti, macho mekundu, godoro hakuna hata moja. Akatazama huku na huku, akitafuta therefore yake.

Hata siku hiyo hakuvua viatu.