Mama Nyundo na Mteremko wa Mama Mkwe

Kazini wengi hawalijui jina lake la kuzaliwa. Wanamwita Mama Nyundo, na hata yeye akipiga simu ofisini hujitaja hivyo hivyo. Kabla ya kazi hii ya kupima ardhi alikuwa dobi wa hospitali. Kwa miaka kumi na mmoja alikamua mashuka kwa mikono, maana mashine ya kukamulia aliikuta mbovu na akaiacha mbovu, hadi mabega yake yakawa mapana kuliko ya mumewe. Mume mwenyewe ni fundi cherehani, na kila akimshonea blauzi hulalamika kwamba kitambaa hicho kingetosha watu wawili.

Siku moja wapimaji walikuja kukagua kilima kilicho nyuma ya hospitali, kwa kuwa ilihofiwa kingeporomoka. Walichomeka ardhini vipokezi ishirini na vinne, kila kimoja kama ngumi ya mtoto, vimefungwa kwenye waya mmoja mrefu. Kisha mwanamume mmoja akawa anapiga bamba la chuma kwa nyundo ya kilo nane. Mshindo ulipita chini kwa chini, vipokezi vikausikia, na kompyuta ikaandika umechukua muda gani kufika. Kwenye mwamba mshindo hukimbia. Kwenye udongo uliolegea hujikokota. Hivyo ndivyo injinia anavyojua kilichoko chini bila kuchimba hata shimo moja.

Baada ya mapigo kama kumi na tano, mpigaji alishika kiuno akakaa chini, akasema mgongo umekataa. Dobi alikuwa akianika mashuka hatua chache kutoka hapo, na muda wote alikuwa akiona jinsi nyundo ilivyotua upande upande. Alijipangusa mikono, akasogea, akaomba ajaribu. Wanaume wakacheka, naye akainua nyundo akapiga. Injinia, msichana mwembamba mwenye miwani, hakucheka kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kompyuta, na pale aliona mstari wa mtetemo umeinuka safi, hauna makunyanzi.

"Nani kapiga hiyo?" akauliza.

Wakamwonyesha. Alimwomba apige tena, na tena. Hadi jioni dobi alikuwa amemaliza kilima kizima, na mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yamekauka kama mbao. Mwezi uliofuata aliacha udobi akajiunga na wapimaji.

Miaka minane ikapita, akipanda na kushuka miteremko ya watu, akiipenda kazi yake kiasi cha kuudhi. Nyumbani alikuwa akieleza habari za udongo wakati wa kula, mpaka mumewe akamwomba angalau asubiri watu wamalize kutafuna.

Kisha ikaja zamu ya mteremko anaoishi mama mkwe wake. Watu wa huko walikuwa wamelalamika kwamba milango haifungi, kuta zinapasuka, na nguzo za umeme zinainama. Mama mkwe alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na karibu nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Nyumba yake aliijenga na marehemu mumewe, tofali kwa tofali, siku za likizo. Aliposikia kwamba mkamwana wake anakuja na kundi la wapimaji kugonga uani kwake, alisema wazi kwamba nyumba yake haina ugonjwa, na asiyeumwa hapimwi.

Hata hivyo walikwenda, wakatandaza waya kwenye njia ya jirani. Kazi ikawa ngumu tangu mwanzo. Vipokezi husikia kila kitu: hatua za mpita njia, randa ya seremala, watoto wanaoruka kamba. Mama Nyundo alipiga, injinia akatikisa kichwa. Akapiga tena, ikawa vile vile. Injinia alizunguka akiwaomba watu watulie, nao walimwitikia vizuri sana na kuendelea na shughuli zao.

Mama mkwe alikuwa akitazama dirishani. Mwishowe alitoka, na mkamwana akajiandaa kugombezwa. Badala yake bibi huyo alisimama kwenye ngazi ya mlango, akauliza tatizo ni nini, akaelezwa, akageukia mtaa.

"Kila mtu asimame alipo," alisema, wala hakupaza sauti. "Nitawaambia lini mjongee."

Seremala aliganda na randa mkononi. Mwashi mwenye mvi alisimama na ndoo ya zege, jasho likimtiririka, asithubutu kuiweka chini. Watoto walitazama watu wazima wakiogopa, nao wakaogopa. Mama Nyundo alipiga huku ameuma midomo, maana kicheko nacho hutikisa ardhi, na mistari ikatoka safi mmoja baada ya mwingine. Mpaka saa sita walikuwa wamemaliza, hata uani kwa mama mkwe, ambako hakuna aliyekumbuka kwamba palikatazwa.

Siku ya pili walichomeka vigingi vya chuma na kupitisha umeme ardhini. Udongo wenye maji huupitisha kirahisi, mkavu huukatalia. Majibu ya siku zote mbili yalikubaliana. Nyumba thelathini zilikuwa zimekaa juu ya mwamba, salama kabisa. Lakini nyumba nne zilikuwa juu ya tabaka la udongo wa mfinyanzi lililolowa chepechepe, mita saba chini, limelala mshazari kama bati la paa. Moja kati ya hizo nne ilikuwa ya mama mkwe.

Injinia alijitolea kwenda kumweleza peke yake, lakini Mama Nyundo alikataa. Habari kama hiyo, alisema, Mama aisikie kwa mtu wake. Wakaenda wote wawili na mchoro wa rangi wa majibu yao.

Mama mkwe aliuchukua akavaa miwani. Kwanza alisahihisha sehemu moja ambapo choo chake kilikuwa kimechorwa kwenye kiwanja cha jirani. Kisha akafuata kwa kidole rangi ya buluu, alama ya udongo wenye maji, iliyopita chini ya jiko lake.

"Hapa palikuwa na chemchemi," akasema. "Nilipoolewa nilikuwa nateka maji hapa. Wakaja wakaifukia wapate viwanja." Akavua miwani. "Nyumba hii tuliijenga mimi na baba yenu, mwanangu. Lakini yeye hayumo humu. Nitahama."

Mama Nyundo ndiye aliyelia. Mama mkwe alimpa leso, akajifunga kanga, akatoka na mchoro mkononi kwenda kwa majirani watatu waliobaki. Jioni hiyo wote walikuwa wanafunga mizigo.

Mafundi walitoboa mteremko wakaingiza mabomba yenye matundu ya kutoa yale maji. Hata hivyo, wiki ya tatu ya masika, asubuhi moja, viwanja vinne vilivyohamwa vilizama kwa kimo cha mtu na jiko la mama mkwe likapasuka katikati. Hakuna aliyechubuka hata ukucha. Nyumba thelathini hazikutikisika. Mama mkwe alikwenda kuona, akaushika mkono wa mkamwana wake, hakuuachia hadi waliporudi.

Serikali ya mtaa ikawapa wale wanne viwanja vipya. Wengine walishukuru wakaanza kubeba mawe. Yeye aligoma: hajengi mpaka papimwe. Basi Jumamosi moja Mama Nyundo, injinia na fundi cherehani walikwenda na vifaa, na bibi akadai apige mwenyewe pigo la kwanza. Aliinua nyundo hadi magotini, ikaanguka kwenye bamba kwa mlio mdogo wa kijiko. Kwenye kompyuta mstari haukutingishika.

"Mama," alisema mwanawe, "hata mchwa hajasikia."

Wote walicheka hadi wakakaa chini, na bibi akacheka kuliko wote. Mama Nyundo aliichukua nyundo akapiga, mara moja tu. Injinia akasogeza miwani, akasoma, akainua uso: mwamba mtupu, mita moja na nusu chini, kiwanja kizima.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kuanza kutembea kwa hatua ndefu, akihesabu kwa sauti, akimwonyesha mwanawe pa kuchomeka kigingi cha mlango.