Mirathi kwa Herufi ya S

Programu inayotafuta vitabu katika maktaba yetu ndogo ya Korogwe niliiandika mimi. Nalisema mapema ili msomaji asidhani tuliletewa mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Mtaalamu alikuwa mimi, mhudumu wa maktaba, mtoto wa mkulima wa Handeni, niliyejifunzia kazi hiyo kwenye simu, kwa bando la mia tano mia tano, hadi nikaielewa.

Kompyuta yenyewe tulipewa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Alipoileta alituambia, "Hii mashine imezeeka, lakini haifi." Kabla yake orodha ya vitabu vyetu vyote ilikuwa ndani ya kaunta buku mbili zilizoliwa na mende. Ukitaka kitabu unamuuliza bosi wangu, mama mtu mzima aliyekuwa anavijua vitabu kwa rangi za majalada. Siku akiumwa, maktaba nayo imeumwa.

Masika nzima nilikaa nikiingiza vitabu kimoja kimoja kwenye kompyuta, kisha nikaandika programu ya kuvitafuta. Lugha ya programu ina maneno yake ya Kiingereza ambayo huwezi kuyagusa, lakini kila sehemu unayoitengeneza unaruhusiwa kuibatiza jina utakalo. Zangu nilizibatiza kwa Kiswahili: tafuta, azima, rudisha. Bosi akasogea, akasoma jina la tafuta kwenye kioo, akasema, "Kumbe inaelewa." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Likabaki swali moja. Kitabu kisipopatikana, kompyuta iandike nini? Bosi alitaka iandike, "Samahani, kitabu ulichokitaka hakijaonekana, tafadhali muone mhudumu." Mimi nikaona hayo ni maneno ya barua. Nikaandika neno moja: Hakuna.

Sasa hapa kwetu neno hilo lina uzito wake. Ukiingia dukani ukauliza sukari, ukaambiwa hakuna, huulizi mara ya pili. Kuuliza mara ya pili ni kama kumwambia mwenye duka kwamba ni mwongo. Unasema haya, unaondoka. Nilikua na adabu hiyo, naijua kama ninavyoijua njia ya kwetu, na bado sikuifikiria nilipokuwa naandika.

Lipo na jingine ambalo sikulifikiria, na hilo linaniuma zaidi, kwa sababu linamhusu mama yangu.

Mama ni Mzigua wa Handeni. Kiswahili anakisema vizuri, ila ulimi wake hauna th wala dh. Kwake thelathini ni selasini, dhahabu ni zahabu, thamani ni samani. Nyumbani sote tulisema hivyo. Nilipokwenda sekondari ya bweni nikachekwa mpaka nikajuta kuzaliwa. Nikaapa kwamba th yangu itanyooka kuliko ya mtu yeyote, na ikanyooka. Likizo ya kwanza niliporudi nyumbani, mama alikuwa na wageni sebuleni, akawaambia kuwa amepanda miche selasini ya michungwa. Nikadakia mbele ya wageni, "Siyo selasini, mama. Thelathini." Alinitazama kidogo, akasema, "Haya. Wewe umesoma." Tangu siku hiyo akiwa na mimi idadi za namna hiyo huzikwepa. Atasema "ishirini na kumi juu yake" kabla hajalisema neno lile. Nilikuwa na miaka kumi na tano na nikaona nimemsaidia.

Kwa hiyo programu yangu ilikuwa kama mimi. Ukiandika sawasawa inakupa kitabu. Ukikosea herufi moja inakwambia hakuna.

Nilikuwa nimeipa pia kazi ya kutunza kila neno linalotafutwa na saa lilipotafutwa, ili tujue watu wanapenda kusoma nini. Alhamisi moja asubuhi, nikiwa na chai yangu na kipande cha muhogo, nikafungua orodha hiyo kwa mara ya kwanza. Nikaanza kucheka. Kirimo cha nyanya. Aridhi. Zambi kubwa. Magonjwa ya nguluwe. Nikamwita bosi aje aone vituko. Naye akacheka kidogo, maana yeye ni mtu wa kumstahi mwenzake hata asiyekuwepo.

Halafu nikafika Jumanne. Kulikuwa na mtu mmoja aliyetafuta peke yake, dakika chache kabla ya adhuhuri. Mirasi. Hakuna. Kitabu cha mirasi. Hakuna. Mirasi ya mjane. Hakuna. Akakaa, naona saa zilivyopishana, akajaribu mara ya mwisho: mirasi mke. Hakuna. Baada ya hapo hapakuandikwa kitu mpaka alasiri.

Muhogo ulinikwama. Vitabu vya mirathi tunavyo viwili, kimojawapo kimeandikwa kwa Kiswahili chepesi kabisa, na vyote vilikuwa kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti changu. Jumanne hiyo nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikiwa nimempa mgongo.

"Huyo ni yule mama wa Makuyuni," bosi alisema. Alishaacha kucheka. "Kasaini daftari la wageni. Ametoka eda juzi tu. Nilimpa pole, akaniambia ukoo wa mume wanakaa kikao Jumapili, wagawane mashamba, na yeye anataka asome kwanza ajue lake ni lipi. Nilimwonyesha kompyuta yako."

Kompyuta yako. Sijui kama alilikusudia, lakini liliniingia.

Siku ile sikufanya kazi nyingine. Nilikaa nikaandika sehemu mpya ya programu. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Kabla kompyuta haijalinganisha neno la msomaji na majina ya vitabu, inayapitisha yote kwenye ulimi mmoja: kila th inakuwa s, kila dh inakuwa z, gh inakuwa g, r inakuwa l. Basi mirathi na mirasi zikishapita hapo ni neno moja, na kitabu kinajitokeza. Neno aridhi lilinisumbua kwa ile herufi ya ziada, nikaliandikia mstari wake peke yake. Nilipomaliza ikabidi niibatize sehemu hiyo jina. Nikaandika: mama.

Bosi alisoma mistari ile akanyanyua miwani. "Sasa tunahalalisha makosa?"

"Kwenye kioo kitatokea Mirathi, kwa th," nikamwambia. "Atakayesoma atajifunza hapo hapo. Lakini kwanza apewe kitabu."

"Na hii, anayetafuta kura?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa kuwa r inageuka l, anayetafuta kitabu cha kura huletewa na vya kula, na anayetafuta thamani huletewa na useremala wa samani. Nikamwambia mtu akipewa vitabu viwili atachagua, asiyepewa hata kimoja atachagua nini? Akarudisha miwani. Neno Hakuna nalo nikalifuta, nikaweka maneno yake marefu ya samahani na muone mhudumu. Hakusema "nilikwambia," na ningekuwa mimi ningesema.

Ila programu iliyotengenezwa Alhamisi haimsaidii mtu aliyeondoka Jumanne. Jumamosi tulipofunga saa sita nikakiazima kile kitabu chepesi kwa jina langu, nikapanda bodaboda hadi Makuyuni. Sikumjua hata sura. Niliuliza kwa mjane aliyetoka eda karibuni, na mtu wa pili niliyemuuliza akanielekeza.

Nilimkuta uani anapepeta mahindi. Ni mwanamke wa makamo, kanishinda umri kwa miaka kumi hivi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikampa pole ya msiba. Nikamwambia mimi natoka maktaba, nimeleta kitabu alichokitafuta Jumanne.

Aliweka ungo chini. "Mashine ilisema hakuna."

"Ilikosea, mama."

"Mimi nilijua ni mimi sijui kuandika," akasema. "Nikaona aibu kumsumbua yule mama mkubwa, na wewe ulikuwa na kazi zako. Nikasema basi."

Nimewahi kutukanwa kazini, na mtu mmoja aliwahi kunirushia kitabu. Hakuna kilichowahi kuniuma kama maneno yale yaliyosemwa bila kulalamika. Nikamwambia, "Uliandika kinachosomeka. Mashine ndiyo haikujua kusoma. Aliyeifundisha ni mimi."

Alinawa mikono, akakipokea kitabu kwa mikono miwili. Tulikaa kwenye mkeka mpaka jua likainama. Alikuwa anasoma polepole, kidole kikifuata mstari, na kila akifika kwenye neno mirathi analisoma mirasi, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nilipokwenda bweni, sikumsahihisha mtu. Alipofika ukurasa unaosema kwamba kinachogawiwa ni kile kilichokuwa mali ya marehemu, alirudia mara tatu. Akauliza, "Kwa hiyo la bondeni?" La bondeni lilikuwa shamba alilolinunua mwenyewe kwa mihogo yake, kabla hata nyumba haijaezekwa bati. Nikamwambia mimi si sheikh wala hakimu, lakini ukurasa ule aende nao. Akakata uzi wa kiroba, akauweka katikati ya kurasa kama alama.

Jumapili nzima nilikuwa nyumbani kwangu Kilole, hapa hapa Korogwe, sikai wala sisimami. Nilifua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Alikuja Jumatano, yeye mwenyewe, kitabu amekifunga ndani ya kanga safi. Bosi alitaka ampe kiti, yeye akasimama akatusimulia. Shemeji mkubwa alikuwa ameshataja mashamba yote matatu, na la bondeni likiwemo. Naye akaomba kusema, akasoma ule ukurasa, kidole kwenye mstari. Wakamwambia hizo ni habari za kitabuni. Akawajibu, "Mali ya marehemu ndiyo inagawiwa. Mimi sijafa. Mnagawaje changu?"

Sheikh aliyekuwepo akacheka kwanza, halafu akasema mama huyu kasema kweli. La bondeni likatolewa. Katika yale mengine alipata fungu lake la mke, dogo kama linavyokuwa, na hakulilalamikia, maana alishalisoma.

"Sasa nataka kuiona hiyo mashine," akasema.

Nikamkalisha kwenye kiti. Kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akaandika: mirasi. Vitabu viwili vikatokea, jina la kila kimoja kwa th yake. Cha pili kilikuwa na neno Kimeazimwa pembeni. Alikitazama kioo, akakitazama kitabu kilichokuwa mapajani mwake.

"Kumbe inajua ninacho mimi," akasema, akatabasamu kidogo. Tangu wakati huo amekuja mara nyingi. Mara ya mwisho alitafuta "arizi yenye chumvi" akapata vitatu.

Nimeshaonyeshwa programu kubwa kuliko yangu, zenye rangi na picha. Nimezijaribu kwa mirasi. Zote zimeniambia kwa lugha nzuri sana kwamba hakuna. Sikujizuia kutabasamu mbele ya waliozileta, na bosi akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jioni ile ya Jumatano nilimpigia mama simu Handeni. Nikamweleza habari ya mjane na kikao na la bondeni, akawa anaitikia tu. Nikamweleza na ile sehemu ya programu, kwamba inageuza maneno yote kuwa kama anavyoyasema yeye, na kwamba jina lake ni mama. Nilikuwa nataka kumwomba radhi kwa siku ile ya wageni, lakini sikufika huko. Nilisikia kuku wake wakiingia bandani.

"Kwa hiyo hiyo kompyuta yako inasema kama mimi?" akauliza.

"Inasikia kama wewe, mama."

"Basi imesoma," akasema. Kisha akaniambia ile michungwa imezaa mwaka huu, niende nikachukue, na kwamba katika ile selasini imekufa miwili tu.