Nani Amwamkie Mwenzake?

Philister wa Frere Town hakuwa mwandishi, wala hakujidai kuwa mwandishi. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu na kuchora upya picha za gazeti letu dogo la Changamwe, lililotoka kila mwezi, Mungu akipenda na wino ukiwepo. Mimi nilizungusha mashine ya kuchapia, kwa hiyo niliyaona yote.

Watu walilinunua kwa sababu ya mashujaa wawili tu. Jabali, aliyeinua mabehewa ya reli kwa mkono mmoja, alitungwa na Mbwana wa Kisauni. Upepo, aliyepenya kuta, alitungwa na Erastus, mtu wa bara. Mashujaa hao waliishi mji mmoja wa hadithini, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Katika hadithi za Mbwana, hata wezi waliwaamkia watu kabla ya kuiba. Kwa Erastus, Jabali mwenyewe alipiga mluzi matangani. Wasomaji wakakasirika. Philister akawa anarekebisha kimyakimya, anapunguza mzaha huku, anatia kicheko kule, mpaka mji ule ukawa na sauti moja. Watungaji hawakugundua. Kila mmoja alidhani mwenzake hatimaye amejifunza kuandika.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mashujaa wakakutanishwa ana kwa ana, mara ya kwanza, kwenye feri ya Likoni. Sasa nani amwamkie mwenzake?

“Wallahi, Jabali ndiye mkubwa,” alisema Mbwana. “Hamwamkii mtu wa juzi!”

“Upepo iko na watoto tatu,” Erastus akajibu. “Jabali hata bibi hana.”

Siku tatu hawakusemezana, watu wazima na ndevu zao. Mwenye gazeti akaapa kwamba ukurasa usipokuwa tayari Alhamisi, hadithi zitaondolewa kabisa, yawekwe matangazo ya sabuni. Philister alilia, nami sikumcheka. Miaka mitatu alikuwa akiujenga mji ule.

Alhamisi asubuhi akaleta ukurasa. Kwenye feri alikuwa amemchora mama mmoja mnene, kikapu cha mihogo mapajani, na mashujaa wote wawili wameinama mbele yake: “Shikamoo, mama.” Naye akiwajibu: “Marahaba, wanangu. Haya, kazini.”

Watungaji walisoma, nami nikauchapa. Mwezi uliofuata zikaja barua kumi na tisa, zote zikimuulizia mama. Mbwana akamtaka aingie katika hadithi ya Jabali. Erastus akamtaka kwa Upepo. Ugomvi ukaanza upya.

“Mama yule ni wangu,” alisema Philister, bila kuinua macho. “Akitaka kuwatembelea, atapiga hodi.”