Tangazo la chumba chenye meza isiyotolewa, Homa Bay

Wakuu, salamu kutoka upande wa ziwa.

Jana kuna jamaa alilalamika humu kwamba kila akitangaza chumba chake anapata wasumbufu tupu. Nilianza kumjibu pale pale, jibu likawa refu kuliko swali, nikaona nilifungulie uzi. Haya niliyaishi mwenyewe. Mahali kumbukumbu imechoka nitaruka, sitajaza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Shule niliiacha mapema. Sikuwa mtundu, nilishindwa tu kukaa darasani wakati kuna barabara inapita nje ya dirisha. Nikazunguka huku na kule hadi nikajikuta Migori mjini, nachora vibao. Hoteli, kinyozi, duka la dawa, yote nilichora.

Siku moja Mzee Chacha, mwenye plot ya vyumba nyuma ya soko, akanipa kazi ya kutangaza vyumba vyake. Nikaandika vile kila mtu aliandika wakati huo: NYUMBA SAFI, MAJI, STIMA, MAHALI PATULIVU.

Watu wakajaa. Kinyozi mmoja akahamia na mashine yake ya kunyolea, akatafuta mahali pa kuchomeka. Waya zilikuwepo ukutani, kweli kabisa. Shida ni kwamba hazikutoka popote.

"Mzee, stima iko wapi?"

"Iko njiani."

"Njiani wapi?"

"Inangoja mlingoti. Mlingoti bado haijakuja."

Kinyozi alihama na matusi ya kutosha plot nzima. Na hapo mahali patulivu palikuwa ukuta kwa ukuta na kanisa la ngoma.

Nikamwomba Mzee tujaribu kusema ukweli. Alinitazama kana kwamba nimekunywa kitu, lakini akakubali. Kibao cha pili kikasema: HAKUNA STIMA. MAJI NI YA KISIMA, UNACHOTA MWENYEWE. JIRANI NI KANISA LA NGOMA. PAA HALIVUJI. LANDLORD HANA MANENO MENGI.

Watu walicheka barabarani. Wachache wakaja kuuliza, na hao wachache wakakaa. Hapo ndipo nilielewa kwamba kazi ya kwanza ya tangazo ni kumrudisha nyumbani yule ambaye angehama kabla hajamaliza kupanga vyombo.

Nikapata na jina. Nikipita sokoni naitwa, "Omera Kibao!" yaani ndugu Kibao.

Mmoja wa wale wapangaji alikuwa mama wa kuuza omena, wale dagaa wa ziwa, mtu wa Homa Bay. Ndiye aliyenipeleka kwa Mama Dorsila.

Mama Dorsila alikuwa mjane. Plot yake ilikuwa juu kidogo ya mahali samaki hushushwa, vyumba vichache vya mabati na kimoja cha mbele kinachotazama barabara. Hicho cha mbele ndicho marehemu mume wake alikuwa akitengenezea redio. Meza yake ya kazi ilikuwa bado ndani, mbao nzito, imejaa alama za kuungua, na redio zilizofunguliwa juu yake kama samaki waliopasuliwa.

Lakini uwanja ulikuwa wa ndugu wawili, marehemu na ndugu yake. Shemeji yake alikuwa ameshasema neno lake, tena mbele yangu: "Shule zikifunguliwa kama hii chumba bado iko tupu, naleta posho mill, nisage unga hapa. Chumba haiwezi kulindia maiti meza."

Kwa hiyo Mama alihitaji mpangaji, na haraka.

Tukaketi nje, yeye akisema, mimi nikiandika. Harufu ya omena, weka. Wale wadudu wa ziwa wanaokuja kama moshi, weka. Kiboko anayepita nyuma ya choo usiku, weka.

"Sasa andika hivi," akasema. "Meza ya fundi iko ndani. Haitolewi."

"Mama, hiyo itafukuza watu."

"Si wewe ndio unasema tangazo ifukuze?"

Nikaandika.

"Ongeza. Natafuta mtu anauliza maswali."

"Maswali gani?"

"Ona sasa," akacheka. "Andika tu, nyathina."

Hivyo ndivyo alivyoniita, mtoto wangu, ingawa tulikuwa hata hatujamaliza kufahamiana.

Nikakitundika kibao, kisha nikabaki kidogo kwa sababu alitaka milango ipakwe rangi. Nililala katika hicho chumba cha mbele, chini, kando ya meza. Kazi ikiisha nilikuwa nakaa nachokora zile redio. Nilitaka kujua sauti inaingilia wapi. Nilikuwa namwuliza Mama mume wake alianzia waya gani, naye alikumbuka mengi kuliko alivyodhani.

Jioni moja redio ikaongea. Mama akatoka jikoni mbio, mikono yote unga, akasimama mlangoni. Yalikuwa matangazo ya vifo kwa Dholuo, lakini alisikiliza akitabasamu kama yuko harusini.

Wapangaji walikuja. Nesi mmoja akasema meza ni kubwa kuliko kitanda chake. Mwalimu akauliza, "Mama, hii meza niifundishe nini?" Karani mmoja, mtu safi kabisa, alikubali harufu, wadudu na kiboko, akaomba tu meza itolewe nje. Mama akamkatalia kwa upole na kumpa chai.

Nikashindwa kunyamaza. "Mama, unatafuta mpangaji ama unatafuta fundi?"

"Natafuta mtu anauliza maswali," akasema, akinitazama.

Nami nikacheka! Nikamwambia basi nitaongeza herufi ziwe kubwa zaidi.

Wiki hiyo dereva wa lori alipita, anaenda Ogwedhi kwa mnada wa ng'ombe. Nilikuwa sijawahi kuuona. Nilitaka kuona tu jinsi wanunuzi wanavyokubaliana na wafugaji wa upande wa Narok, basi. Nikamwambia Mama narudi. Akanifungia samaki wa kukaanga kwenye gazeti.

Ogwedhi ikanipeleka kwingine. Nikasikia kuhusu dhahabu ya Masara, nikaenda kuona mashimo yale, nikabaki huko. Mnanijua sasa.

Niliporudi Homa Bay shule zilishafunguliwa na mvua ndefu ilikuwa imeanza. Kabla sijafika nilisikia injini. Posho mill ilikuwa ndani ya chumba cha mbele, unga umepaka hata ile rangi yangu ya mlango. Meza ilikuwa nje, imelowa, ubao wa juu umepinda. Kuku walikuwa wamelala chini yake.

Mama alinipa chai kama kawaida. Ilibidi tuongee kwa sauti kwa sababu ya mashine.

"Mama, kwa nini hukumchukua yule karani? Alikuwa mtu mzuri."

"Alikuwa mzuri. Lakini haikuwa yake."

"Ilikuwa ya nani?"

Aliniongezea chai.

"Kibao, kila mtu hii barabara alisoma hiyo tangazo akajua ni ya nani. Hata yule mwalimu aliniuliza, huyu si ni yule kijana anapaka rangi? Ni wewe tu hukusoma."

"Si ungeniambia!"

"Mtu wa kwenda ukimwambia akae, anakaa akiangalia barabara. Nilikwambia uandike mwenyewe, nikafikiri utasikia."

Nikamwuliza kama kuna chumba kingine. Akasema vyumba viko, meza ndiyo haiko. Hakusema kwa ubaya. Nilimaliza chai, nikamsaidia kusukuma meza chini ya paa, ingawa sote tuliona imeshaharibika.

Nimelala sehemu nyingi tangu hapo. Hakuna tangazo lingine lililowahi kunitaja namna ile.

Kwa jamaa wa jana: andika ubaya wa nyumba yako bila aibu, na andika ni mtu wa aina gani unamtaka. Anayefaa atajiona humo. Akikosa kujiona, pengine mwite kando umwambie. Mimi ningependa ningeambiwa.

Nyinyi je, kuna mlango uliowahi kuachwa wazi kwa ajili yako ukafikiri ni wa mwingine? Andikeni hapa chini, nitasoma yote. Siku hizi nasoma polepole.