Sauti Iliyonyamazisha Nyumba Nzima

Juzi, katika nyumba ya wazee hapa Laurel, ughaibuni, Mwingereza mmoja aliyejikunyata kwenye kiti cha magurudumu alilalamika kwamba uji umepoa. Mhudumu wake, mama kutoka Kisii, akaganda na kijiko mkononi.

"Mzee, si wewe ulikuwa ukitusomea habari redioni kutoka London?"

"Zamani hizo. Nani anakumbuka?"

"Baba yangu! Ukianza tu, ananyamazisha nyumba nzima. Wa kukohoa atoke nje!"

Akatuita sisi wenzake wa jikoni, akampa mzee ratiba ya chakula. Mzee akanyoosha mgongo, akasoma kuku na maharage kana kwamba serikali imepinduliwa. Makofi yakalipuka.

"Soma na ya kesho!"

Akasoma. Nami, mwenye mafua, nikatoka nje kukohoa.