Hela Niliyoisugua Mwambani

Mwanangu, kuna siku moja inanijia hata nisipoiita. Nilikuwa darasa la tano, tunaishi Kigongo, jirani na pale magari yalipokuwa yakingoja pantoni ya kwenda Busisi. Nakusimulia leo kwa sababu jana uliniletea senti zako nne za kale kwenye kopo, ukaniomba ndimu na majivu uzisafishe, nami nikakupokonya lile kopo kwa nguvu. Niliona midomo inakucheza. Nisamehe. Mimi shangazi yako nilishtuka kuliko wewe.

Aliyenianzisha kukusanya sarafu ni babu yangu, baba yake mama. Aliniona nimetunga senti zenye tundu kwenye uzi na kuzivaa shingoni, akacheka. "Sasa wewe umekuwa mganga?" Kesho yake akafungua fundo la kitambaa, akanipa hela ya Mjerumani. Ilikuwa shaba nyeusi, ndogo kama kifungo cha koti, yenye taji upande mmoja.

"Anza na hii," alisema. "Ukishaijua, ndipo utafute ya pili."

Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Kosa langu lilianzia hapo, kabla hata sijafika mwambani.

Rafiki yangu Nyamizi alipoichungulia alishika pua. "Jamani mwoneni huyu! Anafuga kinyesi cha mbuzi kwenye kopo!" Wasichana wote wakaangua kicheko, na mimi nikaona aibu kama vile nimekutwa sijaoga.

Kwetu msichana alisifiwa kwa sufuria zake. Tulishuka nazo ziwani zikiwa na masizi, tukazisugua kwa mchanga mpaka mtu aone meno yake. Mama alikuwa akisema sufuria nyeusi humtangaza mwenyewe kwa majirani. Basi Jumamosi ile, nilipomaliza vyombo, nikailaza hela ya babu juu ya mwamba, yale mawe yetu yenye kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, nikaimwagia mchanga na maji, nikasugua. Upande huu, kisha ule. Weusi ukatoka, wekundu ukaja. Wekundu ukanipa raha, nikaongeza. Jua lilipoanza kuinama hela ilikuwa inawaka kama kaa la moto.

Nikakimbia nayo. "Babu, shikamoo! Tazama!"

"Marahaba."

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo hakutazama. Aliipokea kwa kidole gumba. Kidole kikapita juu yake, kikarudi, kikaigeuza, kikatafuta tena polepole. Kisha kikasimama.

"Hii siyo."

"Ndiyo yenyewe, babu. Nimeiogesha."

"Alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

Akaipapasa tena. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya mtoto.

"Baba yangu umempeleka wapi?"

Mwanangu, nilirudi nyuma hatua mbili. Nilidhani babu ameingiwa na wazimu. Bibi alitoka jikoni mbio, akatazama kiganja cha mumewe, akanitazama mimi, kisha akakaa palepale vumbini, mwiko bado mkononi. Ni yeye aliyenieleza, maana babu hakuweza.

Baba yake babu alichukuliwa kubeba mizigo ya askari katika vita vya Wajerumani na Waingereza, babu akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Asubuhi ya kuondoka alichukua hela moja, akaikwaruza kwa ncha ya kisu mara tatu chini ya taji, mkwaruzo mmoja kwa kila mtoto, akamwachia mkewe. Hakurudi. Picha haikuwepo, kaburi halikujulikana. Babu alikua na mikwaruzo ile mitatu. Wa mwisho, ule mwembamba, ulikuwa wake. Kila alipokuwa na jambo zito aliutafuta kwa kidole gumba. Na mimi, kwa bidii yangu yote ya kuwa msichana msafi, nilikuwa nimeufuta.

Nilirudi ziwani nikapapasa lile jiwe, kana kwamba mikwaruzo ingekuwa imeangukia pale. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtoto huinama ajaribu.

Siku tatu babu hakusema nami. Ya nne akaniita. "Leta daftari lako." Nikakaa mbele yake, kalamu mkononi.

"Sikukupiga," alisema, "kwa sababu na mimi nina kosa. Nilikupa kitu bila habari zake. Nilingoja uniulize, kumbe wewe una haraka. Mimi sijui kuandika. Wewe unajua. Andika."

Nikaandika jina la baba yake, mizigo, kisu, taji.

"Umeandika kwamba wa mwisho ulikuwa mwembamba?"

"Nimeandika, babu."

"Soma."

Nikasoma. Akaniambia nisome tena.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Sarafu ya kale haisuguliwi, si kwa majivu, si kwa ndimu, wala kwa dawa ya meno. Ikiwa na udongo, iloweke kwenye maji safi, kisha uiache ikauke juu ya kitambaa. Ishike ukingoni. Kila moja iwe na bahasha yake ya karatasi, na juu yake uandike ilitoka wapi, nani alikupa, na alisema nini alipokupa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani walikuwa wakiniona mimi. Usiwe na pupa. Tano unazozijua zinazishinda hamsini zilizo bubu. Iliyo kaburini au kwenye kibanda cha mizimu iache, hata ikikukonyeza. Na mzee akikupa sarafu, kaa chini kwanza, umuulize. Siku moja utamwanzisha mtoto mwingine. Usimpe kitu ukanyamaza.

Mungu akujalie macho yanayotangulia mikono. Akupe wazee wenye mengi ya kusema, na moyo usiochoka kuwasikiliza. Na siku utakapokosea, mwanangu, maana utakosea, akukutanishe na mtu atakayeumia kwa kosa lako na bado akakuita ukae karibu naye.